Hulia Mikononi mwa Mamaye

Swali la kwanza nililofundishwa kazini lilikuwa hili: "Mnahitaji nini?" Ndilo pia la kwanza nililoacha kuuliza. Nawaambia mapema nyinyi vijana mnaoanza hii kazi ya kutembelea familia zenye watoto wadogo wenye ulemavu, kwa sababu nimechungulia kwa tableti zenu, na swali lenyewe bado liko humo, limeandikwa kwa herufi kubwa, linangoja kuwaaibisha.

Mtu wa huku kwetu ukimuuliza anahitaji nini, na wewe ni mgeni, na chai iko motoni, atakwambia hahitaji kitu. Tuko sawa tu, Mungu ni mwema. Paa linavuja mbele ya macho yako na yeye yuko sawa. Watu wa Uasin Gishu wamelelewa wakijua mgeni hupewa, haombwi. Ukimsukuma sana atakuhurumia, akutajie kitu kidogo ndio usirudi mikono mitupu, na hicho kitu kitakuwa blanketi. Kuna wakati ofisi yetu iligawa blanketi upande wa Kaptagat karibu kila nyumba, kisha ripoti ikaandikwa kwamba shida kubwa ya watoto wa huko ni baridi. Baridi iko, sikatai. Lakini mtoto ambaye hawezi kuketi, ukimfunika blanketi tatu, bado hawezi kuketi.

Baadaye akaja mkubwa mmoja msomi akabadilisha swali. Likawa: "Ni nani anayekusaidia kubeba mzigo?" Alimaanisha mzigo wa malezi, maskini. Mama wa kwanza niliyemuuliza, kule Moiben, alifikiria vizuri akanijibu, "Punda." Nikaandika punda. Wa pili akasema ni pikipiki, lakini wakati wa mvua inakwama. Nilipopeleka majibu ofisini mkubwa aliyasoma mara mbili, na tangu siku hiyo swali likapotea bila mazishi.

Aliyenifundisha kazi kwa kweli ni Madam Tecla, mama mmoja mnene wa kutoka Moiben huko huko, ambaye alivaa gamboti, vile viatu vya mpira vya matope, hata siku ya jua. Huyo hakuwa na maneno mengi. Aliniambia, "Mama Njeri, ukikaa kwa kochi utaletewa uongo wa heshima. Ukweli uko jikoni." Basi alikuwa akisalimia watu sebuleni, anakunywa chai ya kwanza, halafu anainuka na kikombe chake ati anakipeleka. Akishafika jikoni harudi. Utamkuta ameketi kwa kigoda anamenya viazi vya wenyewe, na mama wa nyumba anaongea bila kuulizwa. Mimi nimestaafu na mgongo mbaya, na nawaambia umetokana na viazi vya watu.

Madam Tecla ndiye aliyenionyesha maana ya kile kiti cha Kaptagat. Ofisi ilikuwa imepeleka kiti maalum kwa mtoto mmoja wa kike aliyekuwa analegea shingo. Kiti kizuri, kina mikanda, kina meza yake. Tuliporudi kukiangalia tukakuta kuku amekitagia na sasa anaatamia. Mimi nikaanza kugomba. Madam Tecla akaenda mlango wa jikoni, akaupima kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka vidole, akarudi akapima kiti. Hakingeingia. Na yule mtoto alitaka kuwa mahali mama yake yuko, na mama yake alikuwa jikoni kutwa nzima. Tukachukua beseni kubwa la kufulia, tukalijaza nguo kuukuu pande zote, tukamketisha mtoto katikati. Akatulia humo kama malkia. Kuku tukamwachia kiti amalize kazi yake.

Kwa hivyo pimeni mlango kwanza. Hiyo ni bure, mimi sidai kitu.

Sasa niwaeleze habari ya Mwalimu, kwa sababu hiyo ndiyo karibu inifukuzishe kazi miaka yangu ya mwisho, na ndiyo iliyonifundisha kuliko zote.

Mwalimu alikuwa mzee wa Moiben, amestaafu, amefundisha Kiswahili shule ya msingi maisha yake yote. Nyinyi mnajua Kiswahili chetu cha huku juu. Ngeli tunazichukua vile tunavyozipata. Mimi mwenyewe watu wangu walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima na kuuza duka huku Eldoret, na kwa ulimi wangu ile l na ile r hazijawahi kujua mipaka yao. Lakini Mwalimu alikuwa na Kiswahili kilichopigwa pasi. Hakusema "fungua mdomo", alisema "fumbua kinywa". Ukikosea ngeli mbele yake hakukasirika. Alifunga macho tu, akangoja maumivu yapite. Watu wazima wa Moiben bado wanakumbuka fimbo za "chakula yote", kwa sababu ni "chote", na ukisema tena "yote" unaongezwa.

Aliishi na mkaza mwana wake, Mama Kibet, na mjukuu wake Kibet, aliyekuwa na miaka minne. Bibi wa nyumba alikuwa amefariki, na mwanawe, baba Kibet, alikuwa dereva wa trela, hivyo nyumbani anapita kama mvua ya kiangazi. Kibet alizaliwa kwa shida. Mama yake aliumwa na uchungu sana, hospitali wakachelewa kufika, na mtoto akatoka na mwili wa kukakamaa: mikono, miguu, hata taya. Lakini macho yake yalikuwa mapana ya kucheka, na sikio lake halikupitwa na neno.

Sasa Mama Kibet alikuwa mjamzito tena, karibu kujifungua. Daktari alimwambia wazi kwamba kwa vile mara ya kwanza ilikuwa mbaya, safari hii lazima aje mjini mapema apasuliwe. Akijaribu nyumbani anaweza kufa yeye, ama mtoto, ama wote. Naye akakataa. Alisema atazalia pale pale Moiben, na hakuna aliyejua sababu. Kliniki wakatuambia sisi tuende tujue hii familia inahitaji nini ndio mama akubali kwenda. Nikaenda na Felix, kijana wa mjini, mshauri aliyesomea mambo ya kuongea na watu wenye mawazo mengi. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, na Moiben ilikuwa imenyesha.

Tukaketishwa kwa kochi. Mwalimu akaketi kiti chake, Mama Kibet akasimama mbali karibu na mlango wa jikoni na Kibet mgongoni, kwa sababu kwao baba mkwe na mkaza mwana hawakaribiani, na mzee haingii jikoni kwa mke wa mwanawe. Isitoshe, huyu mama alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu darasani kabla ya kuwa mke wa mwanawe. Mbele yake aliongea kama mtu anayesahihishwa mtihani.

Nikaanza vizuri. Nikauliza mtoto anakula namna gani. Lakini ulimi wangu ukafanya yake, nikasema "anakura". Mwalimu akafunga macho. Kisha akaniambia kwa upole, "Mama, kura hupigwa. Chakula huliwa." Felix akacheka. Nikaona aibu mpaka masikioni, na nikaapa moyoni kwamba neno hilo silitaji tena ndani ya nyumba hiyo. Chai ikaja, tukaongea habari ya mvua na mahindi, na swali langu likafia hapo.

Baada ya chai Mwalimu akasafisha koo, akasema maneno ambayo nitakufa nikiyakumbuka:

"Mtoto huyu hulia mikononi mwa mamaye tu. Kwingine kokote halii."

Felix akaandika haraka. Mimi pia nikashtuka. Mtoto ambaye akishikwa na wengine hatoi machozi, akishikwa na mama yake tu ndio analia? Hapo kuna jambo. Felix akamgeukia Mama Kibet na ile sauti yao ya pole pole, akamuuliza anajisikiaje mtoto anapolia mikononi mwake.

Mama Kibet akatabasamu. Akasema, "Nafurahi sana. Siku aliyolia sana ndiyo mimi hulala vizuri."

Kalamu ya Felix ikasimama. Akamuuliza, na je, siku ambayo mtoto hataki kulia?

"Namshika taya," akasema Mama Kibet. "Taratibu tu. Namshika mpaka alie."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jibu sahihi. Mimi niliketi pale na kikombe mkononi, nikiwaza Mungu wangu, tumeingia nyumba gani. Nikajaribu kuokoa mambo. Nikamwambia mama aende hospitali, mambo ya mtoto tutayapanga. Akanitazama macho yamejaa, akaniuliza, "Nikienda, Kibet atalia kwa nani?" Na mimi, mtu mzima, nikamjibu kwamba wacha alie tu kwa yeyote, watoto hulia, hakuna mtoto aliyewahi kufa kwa kulia.

Alinitazama vile mtu humtazama mwenye wazimu. Na alikuwa na haki.

Nje, kando ya boma la ng'ombe, Felix aliniambia hii ni kesi ya afisa wa watoto. Mama anafurahia mtoto akiumia, anamkaba taya, na mzee anajua. Alitaka kupiga simu hapo hapo. Hebu fikirieni: mama mwenye mimba ya hatari, anakaribia siku zake, na sisi tuliotumwa kumsaidia tunataka kumletea askari. Nikamwambia Felix angoje kidogo, kwa sababu kitu kilikuwa kinanikwaruza. Yule mtoto alikuwa safi. Shingo yake haikuwa na alama. Na alipokuwa mgongoni mwa mama yake alikuwa amelaza shavu, ametulia. Mtoto hawezi kulaza shavu namna hiyo kwa mtu anayemwogopesha. Halafu nikasikia kama Madam Tecla ananisimamia na zile gamboti. Mimi nilikuwa nimekaa kwa kochi saa nzima.

Nikarudi. Nikachukua vikombe vyote vya chai hata cha Mwalimu ambacho hakikuwa kimeisha, nikaingia navyo jikoni, nikachukua kisu na viazi.

Mama Kibet alikuwa ameketi chini, amemweka Kibet wima katikati ya miguu yake, mgongo wa mtoto umeegemea tumbo lile kubwa. Kando kulikuwa na bakuli la uji mzito. Akachukua kijiko kidogo, bapa, akakigusisha mdomo wa chini, akangoja. Taya la mtoto likakaza. Akaweka kidole kimoja chini ya kidevu na kingine kando ya shavu, akashika kwa wepesi ule wa kushika yai, akangoja tena, mpaka taya likalegea, uji ukaingia kidogo, mdomo ukafungwa, koo likapanda na kushuka. Ndipo akachota mwingine. Hakumimina hata mara moja. Hakumlaza kichwa nyuma, kama mnavyowaona watu wakifanya wakidhani wanasaidia, na mtoto anapaliwa. Mimi nimeona wataalamu wengi wakilisha watoto wa namna hiyo, na huyo mama alikuwa anafanya sawa sawa, peke yake, na hakuna mtu aliyemfundisha. Bakuli moja lilichukua muda mpaka viazi vyangu vikaisha nikaanza vya kesho.

Ndipo sauti ya Mwalimu ikaita kutoka sebuleni: "Amelia?"

Mama Kibet akainua bakuli tupu, akajibu, "Amelia, Mzee. Amemaliza."

Kisu kiliniponyoka. Vijana wangu, nyinyi mna haki ya kunicheka, lakini kwanza jichekeni, kwa sababu tangu shule mnasema chumba cha kulia na sahani ya kulia, na mkono wenyewe mnauita wa kulia, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kufikiri ni mkono wa machozi. Mtoto alikuwa hali chakula kwa mkono wa mtu mwingine yeyote. Ndiyo hiyo shida yote. Majirani walikuwa wamejaribu, dada wa kanisa walijaribu, Kibet anafunga taya na uji unashuka shingoni. Mama yake akilala hospitali siku nne, tano, mtoto atashinda njaa. Alikuwa amepiga hesabu ya mama, akaona afadhali ahatarishe maisha yake mwenyewe. Na mimi nikamwambia hakuna mtoto aliyewahi kufa kwa kulia. Nilimshika mkono pale pale jikoni nikaomba msamaha, na nilipomweleza tulivyomsikia, alicheka mpaka Kibet akaruka ruka pale alipoegemea tumbo lake. Felix nilimwambia akiwa nje. Alisema, "Ai," akafuta maandishi yake, na mpaka leo hasemi chumba cha kulia, anasema mahali pa chakula.

Basi hitaji tukalijua. Halikuwa blanketi, wala kiti, wala nasaha. Ilikuwa mkono wa pili. Na mkono uliokuwa karibu ulikuwa mmoja tu, nao ulizoea chaki.

Mwalimu alikataa kwanza. Alisema yeye ni mwanamume, ni mzee, ni baba mkwe, na jikoni haingii. Nikamwambia hakuna aliyemwambia aingie jikoni. Tukamweka varanda, na Kibet, na bakuli. Mama Kibet akasimama ndani nyuma ya dirisha lililofungwa pazia, ndio heshima isivunjike, na mimi nikakaa kizingitini kama mkalimani. Mama anasema ndani, "Amwinue kidogo," mimi nasema nje, "Mwinue kidogo," na Mwalimu anasahihisha vile nimetamka, kisha anamwinua.

Siku ya kwanza ilikuwa maafa. Alikishika kijiko kama chaki, akakiingiza kama anaandika ubaoni. Kibet akatema. Sweta ya Mwalimu, ile ya vifungo anayovaa kanisani, ikawa ya uji mpaka kwenye mfuko. Siku ya pili akatema tena. Felix, ambaye sasa alikuja na gamboti, akashauri aongee na mtoto kwanza, amzoee. Mwalimu akafikiri, akaketi wima, akamwambia mjukuu wake kwa sauti ya darasani:

"Ewe kijana mwadilifu, fumbua kinywa."

Kibet akamtazama. Kisha akaangua kicheko, kile kicheko cha mwili mzima, mpaka miguu ikanyooka. Kwa ile nyumba hakuna aliyewahi kumwita mwadilifu. Hapo nikaona kitu: alipomaliza kucheka, taya lilikuwa limelegea kabisa. Nikamwambia Mwalimu angoje. Shikeni hili vizuri, msimpe mtoto chakula akiwa anacheka, atapaliwa. Ngojeni kicheko kiishe, pumzi itulie, na ile nafasi ndogo inayobaki ndiyo yenu. Mwalimu akangoja. Kijiko kikaingia. Koo likapanda, likashuka. Dirishani niliona pazia likikunjwa na mkono.

Tangu siku hiyo Mwalimu akaanza kumlisha kwa Kiswahili sanifu. "Ewe mjukuu mpendwa, pokea riziki yako." Kicheko, ngoja, kijiko. "Naam, barobaro, tafuna kwa utaratibu." Kicheko, ngoja, kijiko. Kile Kiswahili kilichowaliza watoto wa Moiben miaka yote hiyo sasa kilikuwa kinamlisha mmoja, na Mwalimu akapata mwanafunzi wa kwanza maishani mwake aliyefurahia somo.

Mama Kibet akaenda mjini, lakini roho nusu. Aliniambia wazi kwamba akisikia Kibet hajala, atashuka kwa hicho kitanda cha hospitali na nyuzi zake na kurudi Moiben. Nilimwamini. Siku ya kupasuliwa mimi nilikuwa Moiben na Mwalimu, kwa sababu Kibet asubuhi hiyo alimtafuta mama yake kwa macho na akafunga taya. Mwalimu akatumia maneno yote aliyo nayo. Akafika mpaka methali. Jasho lilikuwa linamtoka. Mchana ndipo Kibet akacheka, na bakuli likaanza kwisha pole pole, na tulipokuwa tunapangusa mdomo simu ikalia, nikaifungua kwa spika.

Alikuwa Mama Kibet, sauti imechoka, iko mbali. Hakusema amepata nani. Hakusema yeye mwenyewe ako aje. Aliuliza kitu kimoja: "Kibet?"

Mwalimu akashika simu kwa mikono miwili. Akasema, "Amelia vyema sana."

Upande wa pili nikasikia kitanda kikilia kama mtu anayejaribu kuinuka, na nesi akimwambia alale. Nikajua yule mama, na dawa ya usingizi bado kichwani, amesikia ile kulia nyingine. Nikamgusa Mwalimu bega. Nikamnong'oneza kwamba mkaza mwana wake anadhani Kibet analia machozi, amwambie kwa maneno ya watu.

Niliona uso wa yule mzee. Alifunga macho, vile alivyokuwa akifunga sisi tukikosea. Akatazama bakuli tupu. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti kubwa, Kiswahili kile kile alichokuwa akitupigia fimbo:

"Amekula! Amekula uji yote!"

Kisha tukamsikia Mama Kibet anacheka, na anasema mshono unamuuma, na bado anacheka.

"Wote, Mzee," akasema. "Uji wote."

Kisha akaanza kulia, na Mwalimu naye akaanza kulia, na safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza ni kulia gani.